Kurekodi sauti nyumbani kwa maiki ya kuiga: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ninarekodi waimbaji kwenye chumba cha kupanga hapa Dar es Salaam. Wanakuja wa Bongo Fleva, wa kaswida, wanakwaya, na siku moja alikuja mzee aliyetaka tu kusoma tenzi zake ziwabakie wajukuu. Tangu niliponunua maiki ya kuiga, kila anayeingia anauliza yale yale. Nimeyaweka hapa, na majibu ni yale ninayompa mtu akiwa amekaa kwenye stuli.

Maiki ya kuiga ni kitu gani hasa?

Ni maiki ya kondensa, yaani ile ya studio inayosikia sana na inayohitaji umeme, iliyotengenezwa isiwe na tabia yake yenyewe. Maiki za kawaida kila moja ina yake: hii inang'arisha sauti za juu, ile inanenepesha besi, nyingine inasukuma sauti za kati mpaka mwimbaji anasikika amesogea mbele ya biti. Watu hulipa fedha nyingi kwa ajili ya tabia hizo. Maiki ya kuiga hupokea sauti ikiwa tupu kadiri inavyowezekana, halafu programu kwenye kompyuta ndiyo inayoivisha tabia ya maiki nyingine ambayo mafundi walishaipima. Unaimba mara moja, kisha unaamua kama sauti ivae Neumann U 47 iliyotoka mwaka 1949, AKG C12 ya 1953, U 87 ya 1967 au Sony C-800G ya 1992.

Zipo za namna mbili. Kuna zinazotoa njia moja ya sauti, kama ML-1 ya Slate Digital. Na kuna zenye diaframu mbili (utando unaotikiswa na sauti), ya mbele na ya nyuma, kila moja ikitoka na njia yake; hiyo ndiyo Sphere, iliyoanzishwa na Townsend Labs na sasa iko chini ya Universal Audio. Ya kwangu ni ya aina hii ya pili, kwa hiyo mengi ya hapa chini yanaihusu.

Inafanana kweli na maiki halisi?

Ndani ya wimbo wenye ngoma, besi na kinanda, sitabishana na mtu. Sauti ikiwa peke yake, mwenye masikio makali na aliyewahi kufanya kazi na ile halisi anaweza kusikia tofauti. Lakini kumbuka U 47 zenyewe hazifanani. Vali yake ya VF14 haitengenezwi tena, kapsuli (kile kichwa chenye diaframu) zimezeeka, nyingine zimepita mikononi mwa mafundi watatu. Programu inaiga moja kati ya hizo, iliyopimwa siku fulani. Na U 47 nzima leo ina bei ya gari, tena si bajaji. Mimi swali la kufanana niliacha kujiuliza. Ninajiuliza kama sauti ya huyu dada imekaa.

Nikiwa na maiki yoyote na plagini ya kuiga (ile programu ndogo inayochomekwa ndani ya programu ya kurekodi), si ni mamoja?

Hapana. Programu inahitaji kujua inaanzia wapi ndipo ijue inakwenda wapi. Fundi cherehani amekata shati kwa vipimo vya mtu mmoja. Ukimvisha mwingine litaingia, ila mabega hayatakaa. Ukichukua maiki yenye sauti kali ya juu, ukaiongezea mfano wa C12, yaani ile tabia ya C12 inayoigwa na programu, ambao nao ni mkali juu, utapata sindano za masikio.

Ninunue intafesi gani?

Kwanza tuelewane: intafesi ni kile kisanduku ambacho wengi wanakiita saundi kadi, kinachopokea maiki upande mmoja na kuingia kwenye kompyuta kwa USB upande wa pili. Kazi yake ni kukuza sauti ndogo ya maiki, kuigeuza kuwa namba, kisha kukurudishia kwenye hedifoni.

Ukiwa na maiki yenye njia moja, intafesi yoyote safi inatosha. Ukiwa na yenye diaframu mbili, hapo ndipo watu wanapotupa fedha. Lazima intafesi iwe na viingilio viwili vya maiki, na vyote viwe na umeme wa volti 48. Scarlett Solo ya Focusrite ina kimoja tu, hali kadhalika Volt 1 ya Universal Audio na UMC22 ya Behringer. Ndugu zao wakubwa, Scarlett 2i2, Volt 2 na UMC202HD, wana viwili. Muuzaji wa Kariakoo anaweza kukuonyesha matundu mawili mbele ya kisanduku akakuambia haya hapa. Angalia vizuri: tundu la maiki lina vishimo vitatu vya XLR. Lile jingine mara nyingi ni la gitaa.

Ukishakwama na njia moja, chomeka upande wa mbele peke yake. Utapata maiki nzuri ya kawaida, lakini lile ulilolipia hutalipata.

Jambo la pili ni gaini, yaani kiasi ambacho intafesi inaikuza sauti ya maiki. Njia zote mbili ziwe na gaini ileile, kwa sababu programu inalinganisha diaframu ya mbele na ya nyuma ili ijue sauti imetoka upande gani. Moja ikizidi, hesabu yote inapinda. Kwenye intafesi ambazo gaini inaonekana kwa namba, weka namba moja pande zote, umemaliza. Kwenye vile vya kuzungusha kinundu usiamini alama zilizochorwa. Fanya hivi: simama ubavuni mwa maiki kabisa, usiwe mbele wala nyuma, uimbe noti moja ndefu, na mwenzako azungushe mpaka taa au mita za njia zote mbili zilingane. Ubavuni sauti inazifikia diaframu zote mbili kwa kiasi kilekile, kwa hiyo tofauti yoyote unayoiona ni ya vinundu. Mkishamaliza, bandika utepe wa gundi juu yake mtu asiguse.

Nikiwasha zile volti 48 haziwezi kuunguza maiki?

Kwa kondensa ndiyo chakula chake, bila hiyo haitoi sauti. Maiki ya jukwaani ya kawaida kama SM58 haidhuriki, ilimradi waya ni mzima. Za kuogopea ni maiki za zamani za utepe, zenye ukanda mwembamba wa chuma badala ya diaframu. Taratibu yangu: nashusha gaini, nachomeka waya, nawasha 48, nasubiri kidogo, ndipo napandisha. Wakati wa kuzima narudi kinyumenyume. Masikio ya aliyevaa hedifoni yatakushukuru.

Kuna aliyeniuliza kwa nini 48, isiwe 50. Mwaka 1966 Neumann walikuwa wanaitengenezea redio ya taifa ya Norwei maiki ya KM 84. Studio za redio ile tayari zilikuwa na umeme wa volti 48 uliowekwa kwa ajili ya taa za dharura. Wakautumia huohuo, na dunia nzima ikafuata.

Chumba changu kina mwangwi. Hii maiki itauondoa?

Haitauondoa. Laiti ningeliambiwa hivyo mapema. Programu inabadilisha tabia ya maiki, haibadilishi ukuta. U 47 halisi ukiileta kwenye chumba cha tofali za saruji, sakafu ya vigae na dari ya jipsamu, itarekodi chumba cha tofali, vigae na jipsamu. Kondensa hizi zinasikia sana, kuliko maiki ya jukwaani uliyoizoea.

Habari njema ni kwamba dawa iko ndani. Godoro. Si trei za mayai. Zile ni karatasi nyembamba, zinapendezesha picha tu. Ukitaka kujua kama kitu kitameza sauti, kibane mdomoni na upulize. Pumzi ikipenya kwa shida kidogo, kinafaa. Ikipita yote, kama kwenye kanga moja, ni chepesi mno. Ikigoma kabisa, kama kwenye plastiki, kitarudisha sauti. Unene nao una maana: godoro la inchi 6 linameza sauti za kati na za juu, besi linaiacha ipite. Ukiliacha hewani, mbali kidogo na ukuta, linafanya kazi kubwa zaidi kuliko ukiligandamiza.

Swali la maana zaidi ni liwekwe wapi. Karibu wote wanaliweka nyuma ya maiki, kwa sababu ndiko wanakotazama wakiimba. Lakini maiki iliyowekwa kupokea mbele haisikii vizuri nyuma yake. Inakosikia ni mbele, yaani kwako, na ukuta ulio nyuma ya mgongo wako. Godoro lisimame nyuma ya mwimbaji. La pili ukiwa nalo, pembeni. Blanketi nzito juu ya vigae. Kabati la nguo likiachwa wazi nalo ni msaada mkubwa. Mashati ya mume wa mtu yameshanisaidia kurekodi kaswida nzima.

Usisimame katikati kabisa ya chumba wala kwenye pembe. Sogea theluthi hivi kutoka ukuta mmoja, piga kofi, sikiliza. Hama hatua moja, piga tena. Utaipata sehemu isiyojibu.

Maiki ya diaframu mbili hapa inakupa kitu kimoja cha ziada: kwa kuwa imerekodi mbele na nyuma, unaweza kubadilisha mwelekeo wa kupokea baada ya kurekodi. Siku ambayo jirani alikuwa anasaga karanga upande wa kushoto, nilitafuta mwelekeo unaofinya ubavuni, mashine ikapungua. Haikwisha.

Na kelele za mtaani?

Feni izimwe, hata kama mwimbaji anatiririka jasho. Rekodi ubeti mmoja, washa feni, kunywa maji, endelea. Friji nayo ichomolewe, na uweke funguo zako za nyumba ndani ya friji hiyo, ili usiweze kutoka ukaisahau. Niliwahi kuozesha samaki.

Saa zangu ni kuanzia saa nne usiku mpaka saa nane. Bodaboda zimepungua, adhana ya isha imeshapita, jogoo bado. Mvua ikinyesha juu ya bati, funga kazi. Godoro linapunguza mwangwi wa ndani tu, halizuii kinachotoka nje, na kigodoro cha mtaani, ile ngoma ya usiku kucha, hakina dawa yoyote zaidi ya kwenda kucheza.

Nisimame umbali gani?

Shibiri moja ya mtu mzima, kidole gumba mpaka cha mwisho, inakupa kama sentimita 20. Anza hapo. Ukisogea karibu zaidi besi inanenepa, jambo ambalo watangazaji wanalipenda na waimbaji wa sauti nzito wanalijutia. Ukirudi nyuma sana, chumba kinaingia. Kwenye programu za kuiga zenye diaframu mbili kuna mahali pa kurekebisha unene huo wa ukaribu baadaye, lakini chumba kilichoingia hakitoki.

Weka kichujio cha pumzi vidole vinne mbele ya maiki. Lugha yetu imejaa p: penzi, pole, pwani, pumzi, na nyimbo zetu nusu yake ni mapenzi. Huna kichujio? Soksi nyepesi ya kike iliyovutwa kwenye mduara wa waya inafanya kazi ileile. Kama p bado zinapasuka, geuza maiki kidogo iangalie pembe ya mdomo.

Gaini niweke ngapi?

Mwambie mwimbaji aimbe sehemu yake ya juu kabisa, kama ataimba kweli, maana wote huanza kwa aibu. Mita ifike kama desibeli 12 chini ya sifuri, mara mojamoja 8. Kwenye mipangilio ya programu, rekodi kwa biti 24 (hii si biti ya wimbo, ni kipimo cha faili la kidijitali) na kilohezi 48 au 44.1. Kwa biti 24 huna haja ya kusukuma mpaka nyekundu, sauti ndogo unaipandisha baadaye bila kuumiza kitu. Iliyopasuka haishoneki.

Najisikia kwa kuchelewa kwenye hedifoni.

Hiyo ni bafa. Kompyuta inakusanya sauti kwa mafungu kabla ya kuishughulikia. Bafa ya sampuli 1024 kwa kilohezi 48 ni milisekunde 21 kuingia na 21 nyingine kutoka, sawa na kumsikia mtu aliyesimama mita 14 na ushee. Hakuna anayeshika pigo hivyo. Shusha hadi 128 au 64 wakati wa kurekodi, zima plagini zote nzito, halafu ipandishe tena wakati wa miksi.

Kompyuta ikikwamakwama kwa bafa ndogo, tumia kitufe cha kujisikia moja kwa moja kutoka intafesi. Hapo sauti haipiti kwenye kompyuta, kwa hiyo mwimbaji hatausikia ule mfano wa U 47 akiwa anaimba, atasikia sauti tupu. Wengine wanavunjika moyo. Mwambie mapema, na mwekee mwangwi kidogo kutoka kwenye programu ikiwa inawezekana. Intafesi za Apollo zina chipu zao za kuendesha plagini, hivyo mwimbaji husikia mfano bila kuchelewa, ila bei yake inakupeleka kwenye mazungumzo mengine nyumbani.

Kuna mngurumo wa mmmm usiokwisha.

Chomoa chaja ya laptopu. Ukiisha, umempata mwizi: umeme wetu wa hezi 50 unapita mahali pasipopaswa, mara nyingi kwa sababu nyumba haina waya wa ardhini unaofanya kazi. Rekodi kwa betri, na uite fundi umeme aangalie. Usikate ile pini ya tatu ya plagi, ipo kwa ajili ya uhai wako. Kwa hiyo umeme ukikatika wakati laptopu imejaa chaji, ndio usiku mzuri kuliko yote. Friji za mtaa mzima zimelala.

Nirekodi mfano moja kwa moja au nibakize sauti tupu?

Bakiza tupu, siku zote. Mfano uwe plagini juu ya njia, unaobadilika wakati wowote. Ukiuchoma ndani ya faili umejifanya mwenye maiki moja ya kawaida, na uliilipia nyingi.

Kwenye maiki ya diaframu mbili, njia zote mbili ziingie kwenye faili moja la stirio: mbele kushoto, nyuma kulia. Zikate pamoja, zisogeze pamoja, usipandishe upande mmoja. Kabla ya plagini ya kuiga usiweke kitu kingine chochote.

Hapa kuna kosa nililolifanya mimi. Nilimtumia prodyuza mmoja faili hilo tupu bila maelezo. Hakuwa na plagini. Akaona stirio ya ajabu, akaibana iwe mono, kisha akanipigia: "Kaka, huyu umemrekodia bafuni?" Alikuwa sahihi. Ukijumlisha mbele na nyuma kwa nguvu sawa unapata maiki inayosikia pande zote, na chumba kizima kinaingia. Siku hizi ninatuma mafaili mawili: moja tupu kwa mwenye plagini, jingine mono likiwa na mfano tuliouchagua. Na yote natuma kama dokumenti, kamwe si kama ujumbe wa sauti wa WhatsApp, unaokamua kila kitu.

Nichague mfano gani kwa sauti yangu?

Usisome majina. Mwenzako abadilishe, wewe ufumbe macho, na sauti zote ziwe na ukubwa sawa, kwa sababu inayosikika kwa nguvu zaidi huonekana nzuri zaidi kila mara. Na biti iwe inacheza. Mfano unaopendeza peke yake mara nyingi unazama kwenye wimbo.

Nilivyozoea mimi: sauti nyembamba ya kike inakaa vizuri kwenye U 47, inapata kifua. Mwanamume mwenye sauti nzito iliyofunikwa, C12 inamfungulia dirisha juu. U 87 inasimama katikati na haigombani na mtu, nzuri kwa kwaya. C-800G wanaipenda sana watu wa rap na R&B wa Marekani, na vijana wanaiomba kwa jina, lakini kwa Kiswahili nina tahadhari nayo. Sisi tuna s na sh kila mahali: "usisahau", "nashangaa", "shida zangu". Mfano mkali juu unazigeuza nyembe. Ukiutumia, weka plagini ya kupunguza s mara baada yake. Kwa singeli, ambako maneno yanakimbia kuliko pumzi, huwa nauacha wa kondensa nikachukua wa maiki ya dainamiki, aina ileile ya maiki za jukwaani, kama SM7, iliyozaliwa 1973. Unakata ncha na herufi zinabaki zinasikika.

Nina fedha kidogo. Nianze na nini?

Intafesi safi ya viingilio viwili, hedifoni zilizofunga masikio, stendi imara, na maiki ya kondensa ya kawaida ya bei ya chini. Godoro unalo tayari. Rekodi miezi sita hivyo. Maiki ya kuiga ni ya mtu aliyeshatatua chumba na sasa anahangaika na ladha. Ukikuta iliyotumika, uliza kama leseni ya programu inahamishika kwa jina lako kabla hujatoa hata shilingi, kwa sababu maiki bila programu yake ni nusu ya bidhaa.

Mafaili yatajaza kompyuta?

Faili la stirio la biti 24 kwa kilohezi 48 ni megabaiti 17 na ushee kwa dakika. Wimbo wa dakika nne wenye njia kumi za sauti haufiki gigabaiti moja. Nunua diski ya nje, na uwe na nakala ya pili isiyokaa nyumba moja na ya kwanza.

Tupo pwani. Niihifadhije?

Unyevu na chumvi ndivyo vinavyoua kapsuli huku kwetu, kabla ya uzee. Ikishapoa na umeme umezimwa, irudishe ndani ya boksi lake au ndoo yenye mfuniko unaobana, pamoja na vile vifuko vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Vibadilishe kila baada ya miezi michache. Usiiache kwenye stendi usiku kucha dirisha likiwa wazi, na kama lazima ibaki pale, ifunike mfuko wa kitambaa. Ikianza kupasukapasuka kama mahindi yanayokaangwa, kapsuli imepata unyevu: izime, iache kwenye boksi na vifuko vipya kwa siku mbili, ujaribu tena. Usiiweke juani wala usipulizie mashine ya kukaushia nywele.